Aliyekaa Kwenye Kiti Chekundu

Nilipoingia kituoni asubuhi ile, Sajenti alikuwa nyuma ya kaunta anachonga penseli kwa wembe. Mama yangu alikuwa nyuma yangu, amejifunga mtandio kiunoni kama mtu aliyekuja kuhamisha kabati. Sajenti aliponiona, macho yake yalicheka kabla hajakumbuka yuko wapi. Na mimi, pamoja na shida yote iliyonipeleka pale, nikasikia raha. Sitajifanya mtakatifu.

"Karibuni," akasema kwa sauti yake ya kazini. "Niwasaidie nini?"

"Nimemfuata kaka yangu."

"Kaka yako?"

"Mlimchukua jana usiku pale mlangoni kwetu. Alikuwa amekaa kwenye kiti."

Penseli ilimponyoka, ikabingirika mpaka ikaanguka upande wetu. Hakuna aliyeinama kuiokota.

"Yule mwenye jeraha juu ya jicho?" akauliza polepole. "Yule ndiye kaka yako?"

"Tumbo moja."

"Ee Mungu wangu."

Mama akatutazama, mimi kisha yeye. Mama ni fundi cherehani, na macho yake yamezoea kuona uzi uliolegea hata ukiwa mbali. "Kwani nyinyi mnajuana?"

"Huyu ndiye anayepita kukagua kwetu, Mama," nikawahi kujibu. "Wote wa mlangoni tunamjua."

Haukuwa uongo, lakini haukuwa ukweli pia, na Sajenti alijua. Akatazama chini.

Sasa lazima nieleze habari za kile kiti, maana balaa letu lote lilianzia hapo. Mimi ni baunsa. Cheka kwanza umalize, nitakusubiri. Nawapekua wanawake mlangoni mwa klabu, na wenzangu wananiita Komeo kwa sababu nikisema hupiti, basi hupiti. Mkuu wetu pale ni kaka yangu, anayeitwa Nguzo, na ukimwona huhitaji kuuliza kwa nini. Kushoto kwa mlango wetu kipo kiti chekundu cha plastiki ambacho hakuna anayekikalia kwa kupumzika. Ni kiti cha wakorofi. Mtu akikamatwa anachomoa simu za wenzake, au akianza kurusha chupa, tunamkalisha pale na kupiga simu kituoni. Polisi wakifika hawaulizi nani kafanya nini, kwa sababu mlangoni kila mtu anapiga kelele na kila mtu ana haki. Wanamchukua wa kwenye kiti, maelezo yanafuata asubuhi. Nimeukuta utaratibu huo, na haujawahi kumwonea mtu.

Usiku ule mteja mmoja aliyekatazwa kuingia alimpasulia kaka glasi juu ya jicho. Kaka akamsukuma. Yule mtu akaenda chali kwenye ngazi, akapasuka kisogo, wenzake wakaanza kupiga mayowe kwamba ameuawa, mmoja wao akapiga simu kituoni. Hakuwa amekufa, alikuwa anatukana. Lakini kaka damu ilimjaa machoni, akaanza kuyumba, na mtu mwenye mwili ule akianguka hakuna wa kumwinua. Nikamshika kiuno, nikamkalisha kwenye kitu cha kwanza nilichokiona, nikakimbilia ndani kutafuta maji na kitambaa.

Unaelewa nilimkalisha wapi. Niliporudi na beseni langu, kiti kilikuwa kitupu na gari la polisi lilikuwa linakata kona.

"Mama," Sajenti akasema pale kaunta, "naomba binti yako aje atambue vitu vya mtuhumiwa. Wewe pumzika kwenye benchi hapo."

"Nimelala jana," Mama akajibu. "Nikapumzike tena?" Lakini akakaa.

Sajenti akanipeleka stoo ya nyuma, chumba kidogo kilichojaa baiskeli zisizo na wenyewe na redio zilizofungwa kamba. Hakufunga mlango, maana haruhusiwi. Tulisimama kila mtu upande wake wa baiskeli, na baiskeli yenyewe haikuwa na gurudumu la mbele.

"Umekula?" akauliza.

"Usiniulize habari za kula. Umemfunga kaka yangu."

"Nilimkuta kwenye kiti."

"Najua ulimkuta kwenye kiti! Mimi ndiye niliyemweka!" Sauti ilinitoka kubwa, nikaishusha. "Ungemtazama tu. Si tumefanana? Watu wote wanasema tumefanana pua."

"Alikuwa amejaa damu. Ningeiona pua gani?"

Nikamtazama mikono. Sisi wa mlangoni tunamtazama mtu mikono kabla ya sura, maana kisu hakikai usoni, na hata huyu nilianza kumpenda mikono. Alikuja mara ya kwanza jioni moja, kabla hatujafungua, viti bado vimepinduliwa juu ya meza, akaomba aonyeshwe mlango wa dharura. Vidole vyake vilikuwa na wino. Alipoukuta mlango umezibwa na makreti, hakufoka. Alivua kofia akaanza kuyahamisha mwenyewe, na mimi nikamsaidia, na tulipomaliza nilikuwa sina hali.

Tangu siku ile alikuwa akija saa ile ile ya kufagia, kabla kaka hajaingia kazini, na zamu za usiku zilikuwa za wenzake mpaka jana. Mbele ya wenzangu tulikuwa na maneno yetu. "Leo kuna usumbufu?" atauliza. "Hakuna, afande," nitajibu. Basi. Lakini kwa namna alivyouliza, na namna nilivyojibu, ungedhani tumeandikiana mashairi. Siku zangu za mapumziko tulikutana upande wa pili wa mji, kwenye mgahawa ambao chai yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba hakuna tuliyemjua angeweza kuingia.

Tulijificha kwa sababu ya kaka. Baba alipofariki, kaka ndiye aliyenivalisha viatu vya shule. Zamani alishawahi kulala ndani kwa kosa la mwingine, akatoka amekonda na amenuna, na kununa kwenyewe hakukuisha. Kwa mabaunsa wake wote ilikuwa amri: polisi msalimie, usimzoee. Baunsa aliyezoeana na polisi tunamwita Sikio, na Sikio hakai mlangoni kwetu hata wiki.

"Mwaka mzima nimekuomba unipeleke kwenu," Sajenti akasema. Hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Kila mara unaniambia subiri."

"Ningekupeleka kaka angekufukuza."

"Angenifukuza. Lakini ningemjua sura."

Niliegemea redio za watu. Maneno yale yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Angekuwa amemwona kaka mara moja tu, hata akiwa anatupiwa viatu vyake nje, jana usiku angelisogelea lile pande la mtu pale kwenye kiti akasema, aa, huyu ni shemeji, kuna kosa hapa. Kificho chetu ndicho kilichomtia kaka yangu ndani.

"Sasa nifanyeje?" nikamuuliza.

Alisogea mpaka baiskeli ikamgusa goti. "Yule aliyepasuka kisogo amelalamika. Anasema alipigwa bila sababu. Faili ninalo mimi. Ninachohitaji ni shahidi mmoja aliyeona mwanzo wake."

"Niliona. Alikuwa na glasi mkono wa kushoto, ameificha kwenye mkunjo wa koti. Nilimpigia kaka kelele, akachelewa kugeuka."

"Basi hayo hayo. Utaingia kwa Mkuu wa kituo, utamweleza. Yeye ndiye anayesikiliza mashahidi wa kesi za kujeruhi." Akatazama mlangoni. "Atakuuliza kama una uhusiano wowote na mtuhumiwa, utasema ni kaka yako, si kitu, hilo linajulikana. Halafu atakuuliza kama una uhusiano na mpelelezi."

"Na mpelelezi ni wewe."

"Ni mimi. Sema hunijui."

"Nisemeje?"

"Sema unaniona tu nikipita. Kama ulivyomwambia mama yako." Alijitahidi kutabasamu, ikamshinda. "Ukisema kweli, atasema mashahidi tumewapika jikoni kwetu. Atanipokonya faili, na kaka yako anaweza kukaa ndani mpaka apatikane wa kulishika. Ukisema hunijui, atakula chakula cha mchana nyumbani."

"Na wewe?"

"Mimi nitaendelea kupita kuuliza kama kuna usumbufu."

"Kwa siku ngapi? Maana nikishaandika kwamba sikujui, siku yoyote tukionekana pamoja nimekuwa mwongo wa kituoni. Na wewe umekuwa mwongo wa kituoni mwenye cheo."

Alikuwa ameshayafikiria hayo, nikamwona kabisa. Alikuwa amepima, akaamua kunipa kaka yangu na kujitoa yeye. Nilitamani kumrukia shingoni. Nilitamani pia kumzaba kibao, kwa kuamua peke yake jambo la watu wawili.

"Unaweza kunisahau?" nikamuuliza.

"Wewe?" Akanitazama mpaka nikaona aibu. "Nikisikia mlango unafungwa tu, popote nilipo, nageuka. Nimekuwa kichekesho kwa wenzangu. Nitakusahau vipi?"

Vishindo vya miguu vilisikika koridoni. Tukasogea mbali, yeye akashika usukani wa baiskeli kana kwamba anaikagua.

"Sajenti," sauti ya mwanamke ikasema, "shahidi yuko wapi?"

Mkuu alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, na ofisi yake ilikuwa na feni iliyozunguka kwa kusuasua. Alinikaribisha kiti, akamwita na Mama aingie, kwa kuwa yeye ndiye angemdhamini kaka. Nikamwamkia Mkuu, akaitika bila kuinua macho. Sajenti alibaki amesimama karibu na mlango, mikono nyuma.

"Kazi yako?"

"Baunsa."

Hapo aliinua macho, akanipima mabega. "Vizuri," akasema, nikaona hatanii. "Eleza."

Nikaeleza. Glasi, mkono wa kushoto, mkunjo wa koti, kelele niliyopiga, damu, kiti. Nilipofika kwenye kiti, Mkuu alivua miwani akasugua macho.

"Ukamweka kaka yako mwenyewe kwenye kiti cha wakorofi."

"Ndiyo, afande. Alikuwa anaanguka."

"Na askari wangu wakamchukua bila kuuliza."

"Ndivyo tulivyozoeshana."

"Mmezoeshana vibaya." Akamtupia Sajenti jicho, kisha akarudi kwenye karatasi yake. "Uhusiano wako na mtuhumiwa nimeuandika. Una uhusiano wowote na askari mpelelezi wa kesi hii?"

Feni ilizunguka. Sikumtazama Sajenti, lakini nilijua alivyosimama, nilijua hata namna anavyovuta pumzi akiwa na wasiwasi. Kaka yangu alikuwa kuta mbili kutoka pale, amelala sakafuni. Neno moja tu, hapana, na tungeondoka naye. Neno jepesi, nimewaambia hapana watu wengi maishani mwangu, wengine wamelia mbele yangu na sikuregeza. Nilifungua mdomo kulisema, likagoma.

Kwa sababu nilijiona mwaka ujao, nimesimama mlangoni saa ya kufagia, naye anapita upande wa pili wa barabara bila kugeuza shingo. Na nilimwona kaka akitoka ndani kwa uongo uleule uliomwingiza.

"Ninao, afande," nikasema.

Nyuma yangu Sajenti akakohoa kama mtu aliyepaliwa.

"Uhusiano gani?"

"Ni mtu wangu. Tunapendana. Ana mwaka ananiomba nimpeleke nyumbani, na mimi nakataa kwa kumwogopa kaka. Angekuwa anamjua kaka, asingemchukua. Kwa hiyo kosa la kwanza ni langu, lakini kuhusu glasi nimesema kweli tupu, na hata angekuwa mpelelezi mwingine ningesema hivyo hivyo."

Nikapiga moyo konde nikageuka kumtazama Mama. Alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani.

"Polisi?" akauliza.

"Polisi, Mama."

"Huyu mwenye masikio?"

"Ndiyo huyo."

Masikio yenyewe yalikuwa yamechomoza pembeni mwa kofia. Mama akamkagua toka viatu mpaka kola, pasipo haraka, kama anayemchukua vipimo. Akafungua mkoba, akatoa leso, akajipangusa shingo, akairudisha.

Mkuu aliweka kalamu mezani. "Sajenti."

"Afande."

"Ulijua haya ulipomleta shahidi kwangu?"

"Nilijua, afande."

"Ulimwambia aseme nini?"

Nilitaka kujibu mimi, lakini alinitangulia. "Nilimwambia anikane, afande. Akanikatalia."

Basi tukawa wote tumepasua jipu, hakuna aliyebaki na kitu mfukoni. Mkuu alisoma tena maelezo yangu. Halafu akavuta faili upande wake wa meza.

"Hili nalishika mimi mwenyewe. Wewe utapangiwa kituo kingine, na barua ya onyo itakufuata huko huko. Mtuhumiwa anatoka leo kwa dhamana ya mama yake, kwa sababu nimemwona mlalamikaji, na kiganja chake cha kushoto kina bandeji ambayo hakunieleza vizuri ilitoka wapi." Akanigeukia. "Lakini kesi bado ipo, na wewe ndiye shahidi wake. Mpaka iishe, nyinyi wawili hamuonani. Hampigiani simu. Hamtumiani salamu kwa watu. Nikisikia mmekutana hata kwa bahati mbaya, ushahidi wako nautupa, na kaka yako anarudi ndani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, afande. Kesi kama hizi zinachukua muda gani?"

"Muda wake."

Nilitia sahihi. Nilipotoka ilibidi nipite mbele ya Sajenti, pale mlangoni, na mlango wa ofisi ile ni mwembamba. Kazi yangu yote ni watu wanaopita mlangoni, na sijawahi kuona mtu akipita taratibu kama nilivyopita mimi. Alinukia sabuni, na wino. Hakunigusa. Midomo yake ilitikisika bila sauti, na nikasoma: kuna usumbufu?

Sikuweza kujibu. Mkuu alikuwa anatutazama.

Kaka walimtoa baada ya Mama kutia dole gumba kwenye fomu ya dhamana. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Nikamkumbatia, akanipigapiga mgongoni kama mtoto, kisha tukaondoka watatu, Mama katikati. Mama hakungoja tufike mbali. Alimweleza yote, kwa maneno machache, huku anatembea.

Kaka hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Mwaka mzima," akasema. "Unanisalimia kila asubuhi, unanipakulia chakula."

"Nisamehe, Kaka."

"Polisi!"

"Nisamehe."

Tukatembea. Tukapita duka la vyombo, tukapita kinyozi. Alikuwa anaburuza mguu kidogo, na nilijua anatafuta maneno, maana kaka hupunguza mwendo akitafuta maneno.

"Mle ndani sakafu ni saruji tupu," akaanza, kama anayezungumza na barabara. "Nilikuwa nimelowa damu, nikasikia baridi, nikaanza kutetemeka mpaka meno yanagongana. Mara nikamwona anakuja yule yule aliyenipakia kwenye gari. Nikajua amekuja kunimalizia. Kumbe amevua koti lake la kazi. Akalipitisha kwenye nondo, akanionyesha kwa mkono nijifunike, akaenda zake. Hakusema kitu. Wala hakunijua mimi ni nani."

"Huyo huyo mwenye masikio?" Mama akauliza.

"Huyo huyo."

"Ukalichukua?"

"Mama, nilikuwa nakufa kwa baridi." Akajikuna shavu. "Sisemi kitu. Sijasema nimekubali. Nasema tu kwamba alilileta."

Nilisimama. "Liko wapi?"

"Nini?"

"Koti."

"Nimelirudisha wakati natoka. Nimelikunja vizuri, nikamwachia kaunta. Koti la polisi nilitake la nini?"

Asubuhi nzima sikuwa nimetoa chozi. Si stoo, si kwa Mkuu, wala kwenye ule mlango mwembamba. Pale barabarani, mbele ya watu na shughuli zao, nikaanza kulia kwa sauti, mtu mzima na mabega yangu, mpaka kinyozi akatoka nje na mkasi wake kuangalia.

"Sasa unalia nini?" kaka akauliza kwa kuchanganyikiwa. "Si ndiyo kwanza nimemsifu?"

Mama akanishika mkono, akaubana kwapani mwake.

"Mwache," akamwambia. "Lile koti angelala nalo."